Faili la kaka halisomwi kikaoni

Jamani, habari za huko mliko. Wazee wangu, shikamooni. Leo siko Ohio, niko nyumbani Kibosho. Hii nyuma yangu ni migomba ya kihamba chetu, shamba la ukoo, na huyo jogoo mtamvumilia tu. Kaka tumemzika, na matanga tumeanua juzi. Asanteni sana kwa rambirambi.

Sasa nieleze hili la faili la hospitali la kaka, kwamba nimekataa lisisomwe kwenye kikao cha ukoo, maana naona maneno yameshafika mpaka Moshi mjini.

Kaka alikata bima ya maisha miezi 14 kabla ya kufariki, mnufaika akamwandika mama. Kule Marekani, bima ikiwa haijatimiza miaka miwili, kampuni huweza kuchunguza kama mwenye bima alisema kweli kuhusu afya yake. Ndiyo wakataka faili la hospitali.

Nikaenda hospitali, dirisha la rekodi, na muhtasari wa kikao cha ukoo, una sahihi za wazee na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Mama wa dirishani akaugeuza huku na huku, akaniuliza hii ni lugha gani. Sikumlaumu. Sheria yao, wanaiita HIPAA, inalinda siri za mgonjwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Ndugu aliyemuuguza anaweza kuelezwa mawili matatu, ila wa kusaini faili litolewe kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi. Na si msimamizi wa Fomu Namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo ya hapa Tanzania, mnayoijua ninyi. Mimi ilibidi niombe mahakama ya mirathi ya kaunti alikoishi kaka. Nikasubiri, nikalipa, nikapata barua yangu ya usimamizi.

Nikarudi dirishani na barua, nikapewa fomu ya ruhusa. Hapo ndipo nilipotaka kuharibu. Nimechoka, sijalala siku tatu, nikaweka tiki kwenye "rekodi zote". Yule mama akanielekezea kalamu kwenye mistari ya chini: matibabu ya akili, pombe na dawa za kulevya, virusi vya UKIMWI. Kila mstari unataka sahihi yake. Akaniuliza taratibu, "Kampuni imeomba hivi vyote?"

Nikatoa barua ya bima nikaisoma upya. Walitaja miaka na aina ya matibabu, basi. Nikaomba fomu nyingine. Nikaandika kuanzia tarehe gani hadi gani, zinakwenda kwa nani, kwa sababu gani, na ruhusa yangu inakoma lini. Ile mistari mitatu sikuigusa. Msikisie kilichokuwemo, maana hata kaka asingekuwa na lolote ningefanya vilevile.

Nimefika hapa, kikao cha kwanza tu, watu wana pombe ya mbege mkononi, baba mdogo ananiuliza mbele ya wote, "Faili umekuja nalo? Lilete wanaume tulisome, tujue kilichomuua mwanetu."

Baba mdogo, nakuheshimu sana, na najua wajukuu watakuonyesha hii video. Cheti cha kifo nilikupa mkononi, chanzo cha kifo kimeandikwa pale. Mahakama ilinipa usimamizi nikusanye mali, nilipe madeni, nigawe. Haikunituma nimvue kaka nguo mbele ya ukoo. Kaka aliugua miaka mingapi bila kutuambia? Mtu aliyeficha maumivu yake akiwa hai, mimi ni nani nimsomee kwa sauti chini ya mgomba?

Ninyi mlioko huko nje na ndugu amefariki: kabla hamjasaini, soma barua ya anayeomba, mstari kwa mstari, umpe alichoomba.

Jana jioni baba mdogo kapita hapo uani, kamsalimia mama, mimi kanipita kama mgomba. Sawa. Nakala yangu ya faili iko kwenye bahasha, bahasha iko sandukuni, na ufunguo huu hapa shingoni.