Kuongeza mlinganyo wa joto kwenye icoFoam

Wahandisi wenzangu, leo tunachukua icoFoam, kitatuzi kidogo cha mtiririko katika programu huria ya OpenFOAM, na kukitumia kuunda kingine kinachokokotoa joto pia. Natumia matoleo yanayoanza na herufi v, mfano v2312. Wenye matoleo ya OpenFOAM Foundation wajue kwamba tangu toleo la 11, la mwaka 2023, vitatuzi vingi vimegeuzwa moduli zinazoendeshwa na foamRun, na njia ya huko ni tofauti.

Msimbo wa asili usiguswe. Nakili folda ya icoFoam kwenye $WM_PROJECT_USER_DIR, iite jotoFoam, na faili icoFoam.C iwe jotoFoam.C. Kisha andika hivi ndani ya Make/files:

jotoFoam.C
EXE = $(FOAM_USER_APPBIN)/jotoFoam

Ukisahau neno USER, wmake (chombo cha kukompaili msimbo wa OpenFOAM) itagoma kwa kukosa ruhusa. Ukiwa na ruhusa ni balaa zaidi: ukiwa umeacha na jina la zamani, utafuta icoFoam yenyewe.

Kwenye createFields.H ongeza DT, yaani mgawo wa usambaaji wa joto, isomwe kutoka transportProperties kwa vizio vya m²/s. Ongeza pia uga T (joto katika kila seli), kwa kunakili mistari ya p, yaani shinikizo, na kubadili jina. Mlinganyo wenyewe ni huu (phi ni mtiririko unaopita kwenye nyuso za seli):

solve(fvm::ddt(T) + fvm::div(phi, T) - fvm::laplacian(DT, T));

Uweke baada ya kitanzi cha PISO (kinachosahihisha shinikizo na kasi), kabla ya runTime.write(). Ukiuweka ndani ya kitanzi jibu haliharibiki, maana kila mzunguko huanzia T ya hatua ya muda iliyopita, ila unalipa gharama mara mbili bure.

Jaribu kwenye mfano wa cavity, boksi ambalo kifuniko chake (movingWall) husogea. Faili 0/T itokane na 0/p, vipimo viwe [0 0 0 1 0 0 0], movingWall ipewe 310 (kelvini), fixedWalls 300, ndani ya boksi (internalField) 300, na frontAndBack ibaki empty. Ukikosea vipimo vya DT, wmake haitasema kitu. Programu itasimama ukiiendesha. Itasimama pia ukikosa div(phi,T) kwenye fvSchemes (faili la mbinu za kukokotoa kila kipande cha mlinganyo), kwa sababu pale default ni none. Kwenye fvSolution, panapochaguliwa njia ya kutatua matriksi, T ipewe PBiCGStab pamoja na DILU. Wanaonakili PCG ya p hukataliwa: kipande cha div hufanya matriksi isiwe linganifu.

Kabla ya kufurahia picha zenye rangi, weka 300 kila mahali, kuta zote zikiwemo. T lazima ibaki 300. Ikisogea, phi haijafunga hesabu ya ujazo. Kaza tolerance (kosa linaloruhusiwa) ya p kutoka 1e-06 hadi 1e-09.

Sasa penye kazi yenyewe. Cavity ina seli 20 kwa 20 katika upana wa mita 0.1, kwa hiyo kila seli ni mita 0.005, na kifuniko huenda mita 1 kwa sekunde. Chukua DT ya 0.001. Namba ya Peclet ya seli (kasi mara upana wa seli, gawanya kwa DT) inakuwa 5, na ikizidi 2, Gauss linear, mbinu ya kawaida ya kukokotoa div, inaweza kuyumba: utaona joto chini ya 300, jambo lisilowezekana kwenye boksi hili. Wengi hukimbilia Gauss upwind, inayochukua thamani ya seli ya upande mtiririko unakotoka, na kweli kuyumba kunakoma. Lakini upwind huongeza usambaaji wa bandia wa takriban nusu ya kasi mara upana wa seli, yaani 0.0025. Hiyo ni mara mbili na nusu ya DT uliyoandika mwenyewe! Picha inapendeza, fizikia imeshapotea.

Ongeza seli ziwe 60 kwa 60 na deltaT iwe 0.00125, ili namba ya Courant (idadi ya seli mtiririko unazopita kwa hatua moja ya muda) iwe 0.75. Peclet hushuka hadi 1.67 na Gauss linear inatulia. Upwind, hata hapo, bado inaongeza takriban 0.0008. Ikiwa kompyuta haimudu seli nyingi, tumia Gauss limitedLinear 1, mbinu inayozuia kuyumba, kisha linganisha T ya katikati ya boksi kwenye nyavu mbili tofauti kabla ya kumpa mtu yeyote namba hiyo.