Acheni Kuulaumu Mtutu

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nyote hapa mna vyeti vya kumiliki silaha au mko njiani kuvipata, kwa hiyo kanuni za usalama na namna bastola inavyofanya kazi naziruka. Nakwenda kwenye swali ambalo haliishi: mtu akitaka bastola ya kubeba kila siku, na bado anataka kulenga vizuri, achukue mtutu wa urefu gani?

Na jibu ninalolikuta kila mahali ni lile lile. Mtutu mfupi hufichika, mtutu mrefu hulenga. Nusu ya kwanza si kweli. Nusu ya pili ni kweli kwa kiasi kidogo sana, tena si kwa sababu mnayoidhani. Nalisema hili tena na tena kwa kuwa watu wanatoa fedha nyingi kununua kitu kifupi ambacho hakijifichi na hawakiwezi, kisha wanaulaumu mtutu.

Tuchukue familia moja ya bastola mnayoijua, Glock za risasi ya milimita 9. Glock 26 ina mtutu wa milimita 87. Glock 19, 102. Glock 17, 114. Glock 34, ile ya mashindano, 135. Kati ya ile ndogo ya kubeba na ile ya kawaida ya askari kuna milimita 27, kama upana wa vidole viwili vyembamba. Shikeni tofauti hiyo akilini, maana ndiyo mnayoigombania.

Risasi haijui kama imetoka kwenye mtutu mfupi au mrefu. Mifereji ya ndani inaizungusha, inatoka. Fungeni Glock 26 kwenye mashine ya kushikilia, pasiwe na mkono wa mtu, na mashimo yatakaa karibu karibu kama ya dada zake. Mtutu mfupi ni mgumu zaidi, hautikisiki kirahisi. Kinachoamua usahihi wa bastola yenyewe ni kama mtutu unarudi mahali pale pale slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele, inapojifunga, kila mara. Urefu haumo.

Urefu unaingia kwenye jicho. Mtutu mrefu hubeba slaidi ndefu, na slaidi ndefu huweka kilengeo cha mbele mbali na cha nyuma. Kwenye Glock 26 umbali huo ni milimita 137, kwenye 19 ni 153, kwenye 17 ni 165, kwenye 34 ni 192. Sasa fanyeni hesabu nami. Kilengeo cha mbele kikipotoka milimita moja tu kulia, na shabaha iko mita 7, Glock 26 itakosea sentimita 5.1. Glock 17 itakosea 4.2. Tofauti ni milimita 9. Milimita tisa! Hata ukienda hadi 34, unaokoa sentimita moja na nusu. Hiyo ndiyo faida yote ya urefu kwa umbali ambao bastola ya kujilinda inatarajiwa kutumika. Kwa mita 25 hadithi inabadilika: kosa lile lile la milimita moja ni sentimita 18 kwa 26 na 13 kwa 34. Anayeshindana kwa mita 25 ana haki ya kutaka urefu, naye simgombezi.

Mtaniuliza, mbona basi bastola fupi inawapiga watu chenga uwanjani? Hapa ndipo pa kukaa, na nitakaa.

Triga ya Glock ya kawaida huhitaji nguvu ya kama kilo mbili na nusu. Bastola yenyewe, tupu, haifiki gramu 700. Ukiijaza risasi bado haifiki kilo moja. Maana yake unavuta kwa kidole kimoja nguvu inayozidi mara mbili na nusu uzito wa kitu ulichoshika. Kidole kikikaza, vidole vingine vitatu vinataka kukaza navyo, maana mkono umezoea kufumba wote kwa pamoja. Mpini unabanwa, mdomo wa mtutu unainama chini na, kwa mtu wa mkono wa kulia, kushoto kidogo. Ukiinama nyuzi moja tu, kwa mita 7 risasi imeshuka sentimita 12. Nyuzi moja ni nyuzi moja. Iwe Glock 26, iwe 34, iwe bastola yenye mtutu kama fimbo, ni sentimita 12 zile zile. Linganisheni hizo na zile milimita 9 mnazozinunua.

Ndiyo maana matundu yenu yako chini kushoto. Mtutu hauna hatia.

Ila bastola fupi inalizidisha kosa hili kwa njia nyingine: mpini wake. Glock 26 ina kimo cha milimita 106, 19 ina 128. Kwenye 26 kidole kidogo hakina pa kukaa. Kinaning'inia hewani au kinajikunja chini ya magazini, lile kasha la risasi ndani ya mpini. Unashika kwa vidole viwili, na vidole viwili vikibanwa vinasukuma zaidi. Pia ni nyepesi, kwa hiyo inapiga teke zaidi, na mtu akishazoea teke anaanza kulikwepa kabla halijafika. Mtu huyo akibadilisha mtutu bila kubadilisha mpini, hajatibu kitu.

Tiba ipo na haina gharama. Nyumbani, chumba kisicho na risasi hata moja, chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, umeikagua kwa jicho na kwa kidole, elekea ukuta ambao risasi haiwezi kuupenya. Weka ganda tupu la risasi juu ya slaidi, nyuma kidogo ya kilengeo cha mbele. Vuta triga mpaka ifyatue, ganda lisianguke. Likianguka, umeona kwa macho yako nyuzi moja inavyofanana. Mara kumi kila jioni. Anayeweza kulikalisha mara kumi mfululizo ndiye aje tuzungumze urefu wa mtutu.

Ah, na wale wa kilengeo cha nukta nyekundu, kile kioo kidogo kinachokuonyesha nukta ya mwanga: kwenu hesabu yote ya vilengeo haipo. Nukta ni moja, haina mbele wala nyuma. Bastola fupi na ndefu zinaonyesha kosa sawasawa. Kwenu, hoja pekee ya urefu iliyobaki ni uzito.

Sasa kuficha. Sheria hapa Kenya haitaki silaha ionekane, na wala wewe hutaki. Simama mbele ya kioo ukiwa na shati lako la nje ya suruali, bastola ndani ya suruali kwenye nyonga, kisha inama kana kwamba unaokota funguo. Nini kimejichora kwenye kitambaa? Ni kona ya chini ya mpini. Mtutu uko chini ya mshipi, ndani ya suruali, pajani, hakuna anayeuona. Kwa hiyo milimita 27 ulizokata kwenye mtutu umezikata mahali palipokuwa pamefichwa tayari.

Tena umejiumiza. Chukulieni mshipi kama egemeo la mzani. Juu yake kuna mpini na magazini iliyojaa. Risasi 15 za milimita 9 pamoja na magazini yake zinakaribia robo kilo. Chini yake kuna slaidi na mtutu. Ukifupisha sehemu ya chini, uzito wa juu unashinda, mpini unalalia nje na kuchomoza. Mtutu ukiwa mrefu, unaegemea mwili kwa chini na kuusukuma mpini uingie ndani, ulale ubavuni. Ndiyo maana watengenezaji wa holsta, yaani mifuko ya kubebea, za bastola ndogo huziendeleza kupita mdomo wa mtutu: wanarudisha urefu ule ule mliolipia kuuondoa.

Kwa hiyo cha kufupisha ni mpini, siyo mtutu. Glock 19X, iliyotoka 2018, imefanya kinyume kabisa: fremu ndefu ya 17, yaani kiunzi chenye mpini, na slaidi fupi ya 19. Kwa askari anayebeba nje ni sawa. Kwa mtu wa shati, mpini ule ndio utakaomtangaza. Glock 48 ni busara zaidi: mtutu wa milimita 106, mpini wa kimo cha 19, lakini nyembamba.

Atasimama mtu aseme, basi nitabadilisha tu mtutu na slaidi. Polepole. Namba ya Glock imepigwa kwenye fremu, kwenye slaidi na kwenye mtutu. Cheti chako kinaitambua silaha hiyo. Siku ya ukaguzi namba zikipishana, maelezo yako yatakuwa marefu. Waulize wanaotoa leseni kwanza, kwa maandishi.

Urefu una mahali unapokera kweli: ukikaa. Ukibeba mbele karibu na kitovu, mtutu wa 17 utakuchoma paja kila unapoingia kwenye gari, na utaanza kuiacha bastola ndani ya gari, jambo baya kuliko yote. Ukibeba nyongani nje ya suruali, kiti kinausukuma mtutu juu na mpini unapanda na shati. Kwa mtu anayeendesha gari saa tatu kwa siku, milimita 102 ndiyo mwafaka: bado inaegemea mwili, haichomi. Chini ya hapo ninakubali kwa mtu mwembamba au mwenye mkono mdogo tu. Na tafadhali, pochi si mahali pake. Anayenyakua pochi amenyakua na bastola, na kesho unaandika maelezo kituoni. Wa Mombasa na Malindi, shati la kitenge lenye maua litawaficha kuliko jeupe jepesi, na futeni jasho la chumvi kwenye chuma kila usiku.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi. Kasi: kila sentimita mbili na nusu za mtutu zinabadilisha kasi ya risasi ya milimita 9 kwa kama mita 8 hadi 15 kwa sekunde. Kwa mita 25, ikitoka na mita 350 inashuka sentimita 2.5; ikitoka na 320 inashuka 3. Nusu sentimita. Msipoteze usingizi. Wenye bastola za mzunguko, yaani rivolva: mtutu wao hupimwa bila chemba, wa bastola za magazini hupimwa pamoja na chemba, kwa hiyo inchi 4 za huku si inchi 4 za kule. Springi: slaidi fupi husafiri umbali mfupi kwa kasi zaidi, springi zake ni ngumu na huchoka mapema. Bastola za mtindo wa 1911, ule muundo wa zamani wa Colt, zilizokatwa mtutu kutoka milimita 127 hadi 89 zilijulikana kwa kukwama kwa sababu hiyo. Hesabuni risasi mnazopiga, muandike kwenye daftari.

Mezani kuna tatu: 26, 19, 17. Slaidi zimefungwa nyuma, magazini ziko pembeni, zimekaguliwa na watu wawili, nawe ukague tena kabla ya kugusa. Pale ukutani kuna kioo na mishipi. Ivae kila moja, inama, kaa kwenye kile kiti, inuka. Angalia mpini.