Majina ya Mungu yalizaliwa wapi?

Bwana asifiwe wapendwa, asanteni kwa kuja. Leo tukae kidogo na majina ya Mungu, na naanza na lile tunalolipenda kuliko yote, Yehova-yire. Mtu ana deni linamkaba anaomba Yehova-yire, hana kazi Yehova-yire, na mimi sisemi ni vibaya, nimeomba hivo mwenyewe usiku mwingi sana. Lakini hebu fungua Mwanzo 22:14 usome taratibu. Imeandikwa Ibrahimu akapaita mahali hapo Yehova-yire. Akapaita. Lile ni jina la mahali, jina la mlima! Na ukishaliona hilo utaliona na kwingine, Yehova-nisi ya Kutoka 17 ni madhabahu Musa aliyojenga baada ya vita na Waamaleki, Yehova-shalomu ya Waamuzi 6 ni madhabahu ya Gideoni kule Ofra, na huyu Gideoni muda mfupi kabla ya hapo alikuwa anapepeta ngano ndani ya shinikizo, kajificha Wamidiani wasimuone. Yani hawa watu hawakukaa chini wakatunga orodha ya majina matamu. Kuna kitu kiliwapata mahali, na walipoondoka wakaacha jina pale ili anayepita aulize, hapa palitokea nini?

Ndo maana inaniuma tunapoyang'oa haya majina pale yalipoota tukayafanya paswedi, kwamba ukitamka hili unafunguliwa mlango wa pesa, ukitamka lile unafunguliwa mlango wa ndoa. Hapana jamani. Kila jina muulize kwanza, ulizaliwa wapi, na nani alikuwa analia siku hiyo?

Twende kwa Hajiri, Mwanzo 16. Huyu ni mjakazi, Mmisri, yuko kwa watu, ana mimba ambayo wala hakuulizwa kama anaitaka, bosi wake Sarai kamtesa mpaka kakimbia jangwani. Sasa angalia kitu kimoja, sura nzima Abramu, ndo Ibrahimu huyo huyo kabla hajabadilishiwa jina, na mkewe Sarai wakiongea habari zake hawamtaji jina hata mara moja, ni mjakazi wangu, mjakazi wako, basi. Anayeandika habari anamtaja, lakini kwenye midomo ya wale wawili hana jina. Halafu pale kwenye chemchemi, njia ya kwenda Shuri, malaika wa BWANA anamkuta na neno la kwanza kabisa linalomtoka ni "Hajiri". Mi nikifika hapo huwa nasimama kwanza. Huyu mama ameitwa jina lake jangwani na mtu asiyemjua, na anaulizwa unatoka wapi na unakwenda wapi, ni nani alishawahi kumuuliza hivo? Na yeye anajibu kwa kitu ambacho hakuna aliyekifanya kabla yake kwenye Biblia, anampa Mungu jina. El-roi, Mungu anionaye. Sio mlima wala madhabahu, hapa ni Mungu mwenyewe ndo kapewa jina, na aliyempa ni mtumwa mtoro mwenye mimba. Kile kisima ndo kikaitwa Beer-lahai-roi baadae.

Sasa shikeni hapo hapo maana kuna uzi unapita. Hilo "roi" linatoka kwenye kitenzi cha Kiebrania ra'a, kuona. Na "yire" ya Ibrahimu? Ni ra'a hiyo hiyo! Kwa Kiswahili tunasoma "katika mlima wa BWANA itapatikana" na hiyo kupatikana inatuficha kidogo, tunaona mkono unaotoa, ila neno lenyewe linasema jicho. Yehova-yire, BWANA ataona. Wakiwa njiani kwenda kutoa sadaka Isaka mwanawe anauliza kuni zipo moto upo, mwana-kondoo yuko wapi, na baba yake anamjibu kwa neno hilo hilo la kuona, Mungu atajionea mwenyewe. Na ukizihesabu sura, Hajiri yuko sura ya 16, Ibrahimu sura ya 22. Mjakazi aliyefukuzwa nyumbani kwa Ibrahimu alilijua hilo jina kabla ya Ibrahimu mwenyewe. Sura ya 21 Mungu anamfumbua macho Hajiri anaona kisima cha maji wakati mtoto anakaribia kufa kwa kiu, sura inayofuata Ibrahimu anainua macho anaona kondoo kanaswa pembe kichakani. Sijui kama Ibrahimu aliwahi kukaa akawaza kwamba yule mama alipita njia hiyo kabla yake, lakini sisi tunaosoma tunaweza kuwaza.

Majina mengine nayapitia haraka tu. Elohim ndo la mstari wa kwanza wa Biblia, umbo lake ni la wingi ila kitenzi chake pale ni cha umoja, watu wameshabishania hilo sana, leo siingii huko. El Elyon, Mungu Aliye Juu Sana, tunakutana nalo kwa Melkizedeki, Mwanzo 14. El Shadai ndo Mungu Mwenyezi.

Ila kuna jina moja huwezi kulipita mbio. Chukua Biblia yako ya Union, Zaburi 110:1, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu". Umeona? BWANA wa kwanza herufi kubwa zote, wa pili B tu. Sio kosa la mchapaji. Pale penye herufi kubwa, kwenye Kiebrania kuna herufi 4, yod, he, vav, he, jina lenyewe la Mungu, ndo hilo Yehova la Yehova-yire, limo zaidi ya mara 6,000 kwenye Agano la Kale, na Wayahudi kwa kulicha wakifika hapo hawalitamki, wanasoma Adonai, yani Bwana wangu, na watafsiri wetu wakafuata njia hiyo. Biblia ya Habari Njema yenyewe imeweka Mwenyezi-Mungu.

Na hilo nalo, ingawa limo tangu Mwanzo, muulizeni maana yake ilizaliwa wapi. Kutoka 3, kwenye kijiti kinachowaka moto. Lakini kabla jina halijatoka, mstari wa 7, Mungu anasema hakika nimeyaona mateso ya watu wangu. Nimeyaona, ni ra'a tena. Halafu Musa anasita, mimi ni nani hata niende kwa Farao, anaambiwa "nitakuwa pamoja nawe", kwa Kiebrania hiyo "nitakuwa" ni ehye. Mistari 2 mbele Musa anauliza jina, anajibiwa ehye asher ehye, MIMI NIKO AMBAYE NIKO. Neno ni lile lile! Wenye akili nyingi wameligeuza hilo jina kuwa falsafa ya kuwepo na sina ugomvi nao, ila Musa masikioni alikuwa bado na ile ahadi ya dakika moja iliyopita, nitakuwa na wewe.

Twende Shilo, 1 Samweli 1. Jina "BWANA wa majeshi" ndo linaanza kuonekana sura hii. Ungetegemea liko mdomoni mwa jemadari, si ndio? Wa kwanza kulitumia kwenye maombi ni Hana, mwanamke aliyechokozwa na mke mwenzie mpaka hali chakula, midomo inacheza sauti haitoki, kuhani anamdhania kalewa. Na anaomba nini? Ee BWANA wa majeshi, ikiwa utaliangalia teso la mjakazi wako. Utaliangalia, ra'a. Mjakazi wako, kama Hajiri. Mwenye majeshi yote ya mbinguni anaombwa aangalie tumbo la mwanamke mmoja. Na kwenye Agano Jipya jina hilo Yakobo analiweka sura ya 5:4, vilio vya wavunaji waliozuiliwa ujira wao vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kama umewahi kufanya kazi usilipwe, mimi imenitokea, ule mstari hausomeki kwa haraka.

Hata Aba, tunalitamka kwa utamu sana siku hizi, injili inayotuwekea neno hilo mdomoni mwa Yesu ni Marko peke yake, 14:36, na mahali ni Gethsemane, kaanguka kifudifudi anaomba kikombe kimuondokee.

Namalizia na moja, watu wengi hawalifikii kwa sababu liko mwisho wa kitabu kirefu. Ezekieli yuko Babeli na wahamishwa wenzie, mwaka wa 25 wa uhamisho wao, Yerusalemu lilishapigwa miaka 14 nyuma, hekalu limechomwa. Anaoneshwa mji, anapewa vipimo vya kuta na malango, upande kwa upande, sura 9 nzima za mianzi na dhiraa mpaka unachoka. Halafu kwa watu waliokaa ugenini wakijua kwao ni majivu anaandika jina la huo mji. Fungueni wote Ezekieli 48, mstari ule wa mwisho kabisa, tuusome pamoja kwa sauti.