Mlima Rahisi, Mtoto Ghali: Majibu Yangu Kuhusu Safari ya Oman

Asalamu aleikum, hamjambo nyote. Video hii sikuipanga. Niko Majengo, Mombasa, kwa mamangu, hizo kelele ni tuktuk na watoto wa jirani, mtanivumilia. Nimekuja kumrudisha mwanangu shule, Ijumaa narudi zangu kazini Muscat. Lakini tangu niweke zile picha zangu na mwanangu mlimani kule Oman, swali ni moja tu: "Dada, safari ile ilikula ngapi?" Wengine hata hawaulizi, wanahukumu. Mmoja kaandika, "Sisi twahangaika na unga, wewe wajishaua na hema." Mwingine ati namtesa mtoto wa watu kwa baridi. Sasa chagueni moja: naringa au nateseka?

Kwanza, gari si langu. Mimi nashika hesabu kwenye duka la matairi, mwaka wa nne sasa, na lile gari ni la mwenzangu wa kazini. Kukodi nilijaribu. Mkataba nikausoma mpaka maandishi yale madogo ya chini: ukiacha lami, bima haikujui. Nikarudisha kalamu.

Mafuta yalikuwa riali 21. Lita moja kule haifiki robo riali, na riali ni shilingi 330 na ushei, pigeni hesabu wenyewe mlinganishe na hapa kwetu. Chakula, maji na makaa riali 16. Hema la kuazima. Kulala mlimani bure, hakuna aliyetudai risiti. Jumla riali 37, siku tatu, watu wawili. Basi. Hiyo ndiyo starehe mnayonisema.

Aliyekuwa ghali ni mtoto. Pasipoti yake, watu wa Pwani hadithi ya kudaiwa vyeti na majina ya babu mnaijua, sina haja ya kuwachosha. Hadithi yangu ilikwama kwa herufi moja: cheti cha kuzaliwa kinasema Athman, kitambulisho cha babake kinasema Athuman. Kwa ajili ya hiyo "u" moja nilimtuma mamangu ofisini mara tano, mwanamke wa miaka 68 mwenye magoti mabovu, apange foleni kuanzia alfajiri. Halafu barua ya idhini ya baba, yenye muhuri wa wakili. Baba mtu simtaji, ana jamaa zake humu wanaoniangalia, nawasalimu. Nitasema tu kwamba kabla ya kusaini alitaka simu. Simu nikanunua. Ukijumlisha simu, wakili, nauli za mamangu, viza ya ziara na tiketi, ilipita shilingi laki moja. Nililipa kwa miezi saba.

Haya, safari. Muscat mpaka Nizwa ni barabara kuu, hakuna la kusimulia. Usiku wa kwanza tulilala mlima Jebel Shams, karibu na ukingo wa lile bonde la Wadi Ghul. Kilele cha juu kabisa cha mlima ule ni kama mita 3,000 lakini hapo ni kambi ya jeshi, sisi tuliishia kwenye uwanda wa chini yake. Bonde lenyewe unachungulia kama kilomita moja kwenda chini. Mwanangu alilala kifudifudi kuchungulia, mimi nimemshika miguu yote miwili. Baridi? Ilikuwepo. Alivaa jaketi mbili za mtumba wa Kongowea na soksi zangu mikononi. Mbuzi wakaingia hemani wakala mkate wote. Alicheka mpaka akapaliwa. Sasa huyo ndiye aliyeteswa.

Kesho yake tulishuka Misfat, kijiji kilichobandikwa kwenye jabali, maji ya falaji, mfereji wao wa kumwagilia, yakipita katikati ya mitende. Kila shamba lina zamu yake ya maji, kwa saa. Mtoto wangu wa Majengo akainama, akanusa, akasema, "Mama, huu mtaro haunuki!"

Mpango wangu ulikuwa kuvuka mlima jioni ile na kulala chini, kwenye bonde la mto mkavu liitwalo Wadi Bani Awf. Hapa wanaosema nilimhatarisha mtoto wana haki kidogo. Pale mji wa Al Hamra tuliingia dukani kununua mkate badala ya ule wa mbuzi, tukizungumza sisi kwa sisi. Mzee mwenye duka akaingilia kwa Kiswahili safi cha Unguja. Kumbe alizaliwa huko. "Mwanangu, usilale wadini leo. Mvua si lazima inyeshe hapo ulipo. Inanyesha juu, maji yanakufuata usingizini." Mimi mbingu niliiona nyeupe tu, haina wingu. Akatupa nafasi ya kupiga hema kwenye shamba lake. Asubuhi tuliposhuka, njia ilikuwa na madimbwi mapya na changarawe imehama. Sikusema kitu, niliendesha tu.

Kushuka kule ni gia nzito mwanzo mwisho. Breki unaigusa, huikalii, la sivyo unaanza kunusa moshi. Na karibu na kijiji cha Bilad Sayt nikapata pancha. Nasikia aibu kusema: mimi wa duka la matairi nilipunguza upepo mno, kama mtu anayekwenda mchangani. Kwenye mawe tairi laini hufutuka ubavu, jiwe likaupasua. Pancha ya ubavu haizibwi. Nikatia jeki juu ya bapa la jiwe, mwanangu akashika nati kwenye kofia yake. Mnaouliza mwanamume alikuwa wapi, alikuwa na simu mpya.

Loo, tairi! Nilimlipa mwenzangu tairi jipya, riali 38. Basi ile 37 niliyowapa mwanzo ifuteni, ni 75. Haya, nimekosea hesabu, na ndiyo kazi yangu.

Nyinyi msinifuate kama kitabu. Kafili wangu, mwajiri anayenidhamini, si wenu, na viza hubadilika kila uchao. Mwenye kuweza kwenda na gari mbili aende na mbili.

Mwanangu anaulizia lini tena. Pasipoti anayo, lakini ile barua ya idhini ilikuwa ya safari moja. Kwa Disemba ijayo naanza upya, na jana baba mtu katuma ujumbe: ile simu, ati, kioo kimepasuka.