Mche Una Umri wa Kuuzwa
(Mhadhara kwa wenye vitalu vya miche, Mbeya)

Kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe. Ugonile kwa ndugu zangu wa Rungwe. Na wazee wangu wote mlionitangulia kwenye kazi hii, shikamooni. Poleni na barabara.

Nimeombwa nizungumzie uuzaji wa miche ya kudumu kwa jumla. Miche ya kudumu huku kwetu ni mingi: kahawa ya Mbozi na Mbinga, chai ya Mufindi, kakao ya Kyela, misindano na mikaratusi inayoshushwa kila msimu wa mvua kuanzia Mafinga hadi Makete. Leo nitakaa zaidi kwenye parachichi ya Hass, maana ndiyo iliyotutoa wengi wetu kwenye kuuza miche kumi kumi kando ya barabara na kutufikisha kwenye kujaza Fuso. Na tangu Novemba 2022, nchi yetu iliposaini na China makubaliano ya kuuza parachichi kule, kila mwenye uwanja wenye kivuli amefungua kitalu. Sisemi ni vibaya. Nasema wengi wamefungua vitalu, wachache wamefungua biashara ya jumla, na hivyo ni vitu viwili.

Biashara ya jumla haianzi siku unapoangalia uwanja wako ukaona miche imejaa. Hiyo ni miche inayotafuta mtu. Jumla inaanza siku mteja amekuwekea oda na pesa ya awali, nawe bado hujafukia mbegu hata moja.

Tuhesabu kinyumenyume. Mkulima wa Wanging'ombe anataka kupanda Desemba, mvua zikishashika, ili mche wake upate miezi minne, mitano ya maji kabla ya kiangazi. Ili mche utoke Desemba kiungo kikiwa kimefunga na majani yamekomaa, uwe umebebeshwa, yaani kijiti cha Hass kimeunganishwa juu ya shina lililotoka kwenye mbegu, Agosti, ukichelewa sana mwanzo wa Septemba, baridi inapoachia. Ukibebesha Juni au Julai kwenye nyanda hizi, kikonyo, yaani kile kijiti, kinakaa tu pale, hakifi wala hakiamki, na mwishoni vingi vinaoza. Sasa ili ubebeshe Agosti, shina liwe limefika unene wa penseli, kwa hiyo mbegu iwe imeingia udongoni Februari, mwisho Machi. Basi mteja anayekuja Oktoba na pesa mkononi akitaka miche 3,000 ya Desemba amechelewa kwa zaidi ya miezi saba. Pesa yake, iwe nyingi namna gani, haiwezi kukuza mche. Ukimkubalia utakwenda kuokoteza kwa majirani, na hapo ndipo Hass ya kweli na Hass ya mdomoni zinapopanda gari moja.

Mzee wangu pale mbele anacheka. Anaijua hiyo safari ya kuokoteza.

Hesabu nyingine ambayo haifanywi ni ya upungufu. Tuseme oda ni miche 10,000. Mbegu zikiota asilimia 80, shukuru. Katika zilizoota, ondoa asilimia 10 zilizodumaa au kupinda. Kubebesha kukishika asilimia 80, fundi wako ni mzuri. Mwisho, siku ya kuchambua, ondoa tena asilimia 10. Zidisha zote hizo, unabaki na miche 52 hivi kwa kila mbegu 100. Maana yake oda ya 10,000 inaanza na mbegu zaidi ya 19,000. Aliyeanza na 12,000 akidhani ameacha nafasi ya kutosha, Novemba atakuwa na miche 6,000 na simu isiyoacha kuita. Na ukiotesha mbegu kwanza kwenye tuta la mchanga, ukahamishia kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, zile zilizoota tu, unaokoa karibu viriba 4,000 pamoja na udongo wake. Kwa bei ya samadi ya siku hizi, si haba.

Hapo mnaona kwa nini nasisitiza pesa ya awali. Awamu ya kwanza itosheleze mbegu, viriba, udongo na vibarua mpaka siku ya kubebesha. Ya pili ilipwe vikonyo vikishashika, mteja mwenyewe akiwa amekuja kuona kwa macho yake. Ya mwisho kabla gari halijawashwa. Na iandikwe. Kuna wanunuzi wakubwa, wenye magari mazuri na maneno matamu, wanaotoa oda ya mdomo kwenye vitalu vitatu kwa mpigo, halafu Desemba wanachukua kwa yule aliyeshusha bei zaidi. Wale wawili waliobaki wanaangaliana na miche.

Katika mkataba huo, kwa maoni yangu, tarehe ya kuchukua ina uzito kuliko bei. Nitaeleza kwa nini, na hapa naomba tukae kidogo.

Chukua kiriba cha inchi 6 kwa 9 kilichokaa na mche wa parachichi mwaka na nusu. Kichane kwa wembe upande mmoja, toka juu mpaka chini, ukifungue. Mzizi mkuu ulishuka mpaka chini, ukagonga plastiki, ukageuka, na sasa umejizungusha pale chini kama kamba ya ndoo. Mizizi midogo imefuata mkondo huohuo. Udongo wenyewe umekwisha, unashika mizizi mitupu. Na mingine ilitoboa kiriba siku nyingi, ikaingia ardhini. Siku ya kupakia utasikia ikikatika, na mche unaondoka bila mizizi yake iliyo bora.

Tatizo ni kwamba mche huo juu unapendeza. Ni mrefu, una matawi, mnunuzi mgeni ataupita ule mfupi wa miezi minne tangu kubebeshwa na kwenda kuukumbatia huu. Ukipandwa hivyo, mzizi uliozunguka haujinyooshi wenyewe. Unazidi kunenepa palepale kwenye duara lake. Mwaka wa kwanza na wa pili mti unakwenda, kwa sababu mvua inaubeba. Kiangazi kikali kikija unanyong'onyea kabla ya wenzake, na upepo ukipiga unalala. Mkulima atasema mbegu mbaya. Mbegu ilikuwa nzuri tu. Mche ulikuwa umepitwa.

Kwa hiyo mche una umri wa kuuzwa, na bei ya jumla lazima ijengwe juu ya ukweli huo. Kwa nini tunampunguzia mtu anayechukua 5,000? Kwa sababu anatusafishia kitalu kwa siku moja, kwa tarehe tunayoijua, mizizi ikiwa bado haijafika chini ikageuka. Hiyo ndiyo faida anayotupa, nasi tunamrudishia sehemu yake kwenye bei. Akikaa mpaka Machi, hajatupa faida yoyote. Alipe bei ya rejareja, au apoteze pesa yake ya awali. Kuna wenzetu wameigeuza: jumla kwao ni mahali pa kumalizia makapi. Wa rejareja wanachaguliwa miche mizuri, gari kubwa linajaziwa yaliyobaki.

Sasa vikonyo. Mnajua kwamba Hass zote duniani zimetoka kwenye mti mmoja? Mtu wa posta huko California, Rudolph Hass, alipanda mbegu miaka ya 1920. Alitaka kubebesha Fuerte, parachichi ya aina nyingine, juu yake, ikakataa kushika, akaambiwa auache mti ukue wenyewe. Ukazaa tunda lile jeusi lenye ngozi ya vinundu. Mwaka 1935 akapata hataza yake. Hakuna Hass iliyotoka kwenye mbegu baada ya hapo. Kila moja ni kikonyo kilichokatwa kwenye mti uliotokana na kikonyo. Kwa hiyo mnunuzi akikuuliza "Hii ni Hass kweli?", jibu lake halimo kwenye mche alioushika. Limo kwenye mti mama. Uwe nao, uwe umeuona ukizaa, na uwe na daftari linaloonyesha kundi hili la miche lilikatwa vikonyo kwenye miti ipi na tarehe ipi. Mkaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, akija, mpeleke kwenye mti mama kwanza, halafu ndipo mwingie kitaluni.

Kukata vikonyo vya oda kubwa kunahitaji mpango. Miti mama kumi haitoi vikonyo 15,000 vya ubora mmoja kwa wiki moja. Ukiikamua, utaishia kukata vichanga ambavyo macho yake hayajavimba, na ile asilimia 80 ya kushika itashuka. Kata asubuhi, ondoa majani papo hapo ukiacha vijishina vya majani tu, funga kwenye gazeti lenye unyevu, weka kwenye ndoo yenye mfuniko kivulini. Fundi abebeshe siku hiyohiyo.

Ule mti mama wa kwanza wa Hass ulikufa mwaka 2002, na kilichouua ni kuoza mizizi. Ndicho kinachonifikisha kwenye hofu yangu kubwa. Kijidudu chake, Phytophthora cinnamomi, kinaishi udongoni na kinaogelea kwenye maji. Kitalu cha jumla kikipata ugonjwa huu hakiambukizi shamba moja, kinaugawa wilaya nzima kwa lori na kwa risiti. Mbegu usiokote zilizolala chini ya mti. Chuma tunda mtini. Ukitaka uhakika zaidi, loweka mbegu kwenye maji ya nyuzi 49 mpaka 50 kwa dakika 30, lakini uwe na kipimajoto, si kidole, kwa sababu ukipitisha nyuzi chache tu umeipika. Viriba visikae kwenye udongo mtupu ambako maji ya kundi moja yanatiririkia kundi jingine: mwaga kokoto, au jenga kichanja. Na maji ya mfereji unaopita kwenye mashamba ya watu huko juu, mimi nisingemwagilia nayo.

Fuerte nisiisahau. Ua la Hass hufunguka mara mbili: mara ya kwanza asubuhi likiwa la kike, hufunga, halafu kesho yake mchana hufunguka likiwa la kiume. La Fuerte hufuata ratiba ya kinyume, kwa hiyo miti hiyo miwili inahudumiana. Ukimpakilia mtu Hass tupu anayekwenda kupanda ekari kumi mahali pasipo na parachichi nyingine, hujamtendea haki. Mshauri achanganye moja kwa kila kumi hivi, na iwe na alama, isije ikapotelea katikati ya mzigo.

Tuje kwenye gari, ambako watu hupoteza kazi ya miezi kumi na moja kwa saa sita. Kiriba cha inchi 6 kwa 9 kikijaa udongo uliolowa kinakaribia kilo 2. Miche 1,000 ni tani 2. Mtu anaona Canter ya tani tatu na nusu, anasema itabeba 1,700. Kwa uzito, ndiyo. Lakini kila kiriba, ambacho inchi zake 6 ni upana kikiwa kitupu, kikijaa kinakalia kama sentimita 10 kwa 10, kwa hiyo mita moja ya mraba inaingia viriba 100, na bodi ya Canter ina mita saba na kitu. Gari linajaa nafasi kwenye miche 700 kabla halijafika hata nusu ya uzito wake. Hapo dereva anakwambia, "Bosi, tupange juu yake." Na ndipo viungo vinapokatika. Dawa yake ni vichanja vya mbao ndani ya bodi, ghorofa mbili, na nafasi ya majani kati yake. Mbao hizo unaweza kuzitumia misimu mitatu, na nauli ya kila mche inashuka karibu nusu.

Mwagilia jioni ya kuamkia safari, si asubuhi yake, maana udongo tepetepe unamomonyoka ukitikiswa. Funika na turubai hata kama ni usiku. Upepo wa gari linaloshuka kwenda Makambako unakausha majani laini kuliko jua. Na miche iliyolelewa Tukuyu, kwenye mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, usiishushe Iringa na kuipanda kesho yake. Iondolewe neti ya kivuli kidogo kidogo wiki tatu kabla, na ikifika ipumzike kivulini siku kadhaa.

Nimeletewa swali la mwisho, nalo ni zuri: miche ikifa shambani kwa mteja, nani analipa? Mimi naangalia jinsi ilivyokufa. Kikonyo kikikauka huku shina la chini likichipua, kosa ni la kitalu, rudisha mche. Mche mzima ukinyauka na udongo ukawa mkavu kama majivu, hakumwagilia. Mizizi ikiwa myeusi na udongo una maji, hapo ndipo ugomvi huanzia, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umetoka kwako au ulikuwa unamsubiri shambani. Ndiyo maana katika kila kundi unalouza, bakiza miche 20 kitaluni, na uiandikie namba ya kundi hilo. Akipiga simu Februari, mwite aje, chaneni viriba vitano vya kundi lake pamoja, mwangalie mizizi.