Akili ya Kiroho kwa Mwalimu Mwanafunzi

Ndugu wakufunzi wenzangu, nanyi walimu wanafunzi,

Niondoe kwanza utata mmoja: akili ya kiroho ninayoizungumzia si kipimo cha ucha Mungu. David King, mtafiti wa saikolojia aliyeunda mwaka 2008 hojaji ya kuipima yenye kauli 24 ambayo watafiti wengi wameitumia, aliigawa akili hiyo katika uwezo wa namna nne: kutafakari kwa kina maswali ya kuwapo kwetu, kupata maana katika yanayotufika, kutambua yaliyo zaidi ya nafsi na ya vitu vinavyoshikika, na kuingia kwa hiari katika hali za juu za utambuzi, kama zile za sala au taamuli. Wapo wasiokubali kuiita akili. Howard Gardner mwenyewe, mwasisi wa nadharia ya akili nyingi ya mwaka 1983, isemayo kwamba binadamu ana akili za aina kadhaa wala si moja tu, alisita kuiingiza katika orodha yake. Mjadala huo ni halali, lakini hautuzuii kufanya kazi.

Kinachonishughulisha ni uwezo wa pili, ule wa maana, kwa kuwa ndio unaojaribiwa mapema katika mazoezi ya kufundisha. Mtazameni mwalimu mwanafunzi ambaye kipindi chake kimeharibika: muda umekwisha kabla ya zoezi, na mtoto wa dawati la nyuma amelaza kichwa tangu mwanzo hadi mwisho. Tunaketi naye, tunapitia andalio la somo, zana na matumizi ya ubao, tunajaza alama, tunaondoka. Hatujamuuliza alimwonaje yule mtoto, wala kama bado anaona sababu ya kurudi darasani kesho. Haya nayo ni maswali ya taaluma, na nasikitika kwamba fomu zetu hazina nafasi yake.

Hojaji haiwezi kutufanyia kazi hiyo. Anayejibu hujipima mwenyewe, na mwanachuo anayejua ualimu unasifu nini atajipa alama za juu bila hata kukusudia kudanganya. Kwa hiyo sipendekezi somo jipya lenye mtihani. Napendekeza kwamba mazungumzo ya baada ya kipindi yaanze na maswali hayo kabla ya fomu kufunguliwa, na kwamba kila mwanachuo awe na shajara ya tafakuri isiyotolewa alama, isiyomdai kutaja dini yake, ambayo mkufunzi atasoma kurasa zile tu alizoonyeshwa na mwenyewe.