Rasmi Ndani ya Geti

Assalaam alaykum, na habari za jioni. Huyu bwana aliyesimama kando yangu si kwamba anapungia watu mkono. Ni mkalimani wa lugha ya ishara, na leo ana kazi kwa sababu mie nikishikwa na maneno huenda mbio. Wale wa safu ya mbele wameshanionya mara mbili, na salamu hazijaisha.

Katiba ya 2010 mnayo, siisomi. Nataka vifungu viwili tu. Cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Cha 7 kinasema lugha rasmi za nchi ni mbili, na ishara imewekwa huko chini, pamoja na zile ambazo Serikali itazikuza. Kwa hivyo mheshimiwa kiziwi akiwa ndani ya geti la Bunge, lugha yake ni rasmi. Akitoka nje kununua maji, imeshuka cheo! Hili nimelisema Nairobi, nimelisema Malindi, na nitalisema mpaka apatikane wa kunieleza.

"Ah, hayo ni ya mawakili." Haya, tuje hapa hapa Majengo.

Mama yangu alikuwa kiziwi. Bubu simwiti, na nyinyi msimwite. Akigombana na jirani, mikono ilienda mpaka jirani mwenyewe anaingia ndani na kufunga mlango. Mie ndiye kifungua mimba wake, nasikia, basi tangu nijue kusema nilikuwa mdomo wake: kwa muuza samaki, kwa mwenye nyumba, kwa kondakta wa matatu. Nilipokuwa na miaka tisa alishikwa na tumbo, tukaenda hospitali, siitaji ipi. Daktari hakumtazama mama. Alinitazama mimi. "Mwambie mamako ana uvimbe kwenye kizazi, itabidi apasuliwe."

Miaka tisa! Kizazi ningekijulia wapi? Kwetu neno hilo halisemwi mbele ya watoto, na ishara yake sikuwahi kuiona. Kupasua nilikujua: kuni. Mama ananitazama, nyusi zimepanda. Na nyusi katika lugha ile si mapambo, ndizo zinazouliza swali. Nikamwambia, "Anasema unywe dawa utapona." Akamshukuru daktari kwa kichwa, tukarudi nyumbani, akapika. Miezi minane baadaye ndipo alipopasuliwa, keshazidiwa. Alipona, alhamdulillahi. Hakunigombeza hata siku moja. Laiti angenifinya.

Na msiniambie daktari angemwandikia. Kwa lugha gani? Mtu ambaye hajawahi kukisikia Kiswahili, kwake ni lugha ya pili, ya kufunzwa darasani, na mama darasa hakuliona. Ishara si Kiswahili kilichotiwa mikononi. Mmarekani na Mwingereza husema Kiingereza, lakini viziwi wao wana lugha mbili mbalimbali kabisa, na ile ya Marekani ina udugu zaidi na ya Ufaransa. Watanzania hapo jirani nao wana Lugha ya Alama yao.

Yuko na yule anayesema nchi ina lugha zaidi ya 40, ya nini kuongeza nyingine. Bwana wee, haiongezwi, ipo! Ingia Marikiti asubuhi: Kimvita, Kidigo, Kigiriama, Kikamba, Kigujarati, na hujamaliza kuchagua nyanya. Nani amelalamika kwamba zimezidi? Nilichokiomba miaka yote hii ni mkalimani mmoja tu, mtu mzima, mwenye ujira wake, akae hospitalini ili mtoto abaki shuleni.

Nilitaka kuja kwenye shule, watoto walivyokuwa wakikatazwa kutumia mikono darasani, na kile kijisanduku cha mkalimani kwenye taarifa ya habari, kidogo kama stempu... Lakini mwenyekiti ananitazama na saa yake. Basi, ya televisheni yaacheni.

Maswali. Dada yule wa safu ya pili ameinua mkono tangu niliposema "bubu", aanze yeye. Na wewe mkalimani, geuka huku: sasa sisi ndio tusiojua lugha.